Shajara ya Mradi: Picha Jozi za Sabaki na Oulu, Kaskazi ya 2024/2025

Kila jozi ni picha mbili zenye mada moja. Ya kwanza inapigwa Malindi, ama mdomoni mwa mto Sabaki ama hori ya Mida. Ya pili inapigwa Oulu, Ufini, kwenye pwani ya Ghuba ya Bothnia, na wenzetu wawili tuliojuana nao mtandaoni kwa kubishana juu ya ndege wadogo wa matopeni. Miezi ni ile ile, Desemba hadi Machi. Kwao ni theluji na bahari iliyoganda. Kwetu ni kaskazi, jua la utosi na msimu wa maembe. Baridi yetu sisi ni kipupwe cha Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, na hata hiyo ni baridi ya kujifunika shuka tu. Shabaha ni jozi nane.

30 Novemba 2024, Jumamosi. Vifaa

Kamera mbili za sensa ndogo, lenzi moja ya milimita 100–400 na nyingine ya 300. Chini ya 300 ni kujichosha: kitwitwi mdogo kabisa, Calidris minuta, hana hata sentimita 15, na ukiwa mita 20 kutoka kwake anabaki punje kwenye picha.

Kwa kazi ya kulala mchangani tripodi haifai, maana hata ikishushwa chini kabisa kamera inabaki juu ya macho ya ndege. Tumetumia sinia ya alumini ya kipenyo cha sentimita 35, yenye ukingo wa sentimita 3. Katikati limetobolewa tundu la milimita 10 na kupitishwa skrubu ya inchi 3/8, ambayo ndiyo saizi ya vichwa vingi vya tripodi. Washa mbili pana, zile pete bapa za skrubu, moja juu na moja chini. Bila hizo alumini inapinda siku ya kwanza. Kichwa cha tripodi kinafungwa juu yake, na sinia yenyewe unaisukuma mbele polepole kama jahazi. Kasoro moja: sinia mpya inang'aa, na ndege huuona ule mwako kutoka mbali. Tope la Sabaki lililopakwa pande zote na kuachwa likauke limetosha, wala hakuna haja ya rangi.

Mfuko wa kuegemeza lenzi ni wa turubai, sentimita 25 kwa 18, na ulijazwa kilo moja na nusu ya pojo. Ulilowa maji ya mto, na siku ya tatu pojo zikachipua. Sasa umejazwa ndara kuukuu zilizookotwa ufuoni na kukatwa vipande vya sentimita moja. Haunyonyi maji, hauozi, na ukianguka mtoni unaelea. Malighafi yenyewe haitakwisha leo wala kesho.

7 Desemba, Jumamosi. Jozi ya kwanza, imeshindikana

Tulikubaliana na wenzetu kupiga kila Jumamosi. Leo mwezi uko karibu na robo ya kwanza, kwa hiyo ni maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, na kile kilele chake kidogo kimeangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ndege walitapakaa kwenye matope yote wasijikusanye mahali pamoja. Na kufikia saa tatu hewa ilishaanza kucheza juu ya mchanga. Fremu zote za baada ya hapo zina ndege wenye kingo za kutetemeka, kama wamepigwa kupitia kioo cha bafuni.

Mtetemo huo hautibiki kwa lenzi ya bei mbaya wala kwa shata ya kasi. Ni hewa ya moto inayopanda kutoka mchangani ikipishana na hewa baridi zaidi ya juu yake, na mwanga unapindapinda humo. Dawa ni kupunguza umbali au kupiga mapema. Zaidi ya mita 30 baada ya saa tatu asubuhi, okoa memori kadi yako.

Kutoka Oulu ilikuja picha safi ya Parus major, ndege mdogo wa kwao, akila mbegu za alizeti kwenye kibao cha kulishia ndege nyuma ya nyumba. Kibao kama hicho ni kitu cha kawaida kabisa kwao. Kuna mbegu, kuna mafuta ya mnyama yaliyogandishwa, na ukishaanza kulisha Novemba huachi katikati ya baridi, maana ndege wameshakuwekea hesabu. Picha ilingojea mwenzake bure.

9 Desemba. Kalenda inabadilishwa

Maji yakijaa hupwa, ndiyo, lakini hayangojei Jumamosi. Tumepiga hesabu mbele: Jumamosi ya 21 Desemba nayo ni siku moja kabla ya robo ya mwisho, maji mafu tena. Kalenda ya wiki haituongozi popote. Tunahamia kalenda ambayo kila mvuvi wa hapa anaijua.

Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kwa wingi, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Pwani yetu, siku hizo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne na nusu. Kila siku inayofuata, kujaa kunachelewa kama dakika arobaini. Hivyo ukihesabu siku tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yanajaa karibu saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza, na bado yana nguvu ya bamvua. Hiyo ndiyo siku tuitakayo. Matope yamefunikwa, ndege wamebanana kwenye fungu la mchanga, mwanga uko chini na hewa haijapata moto. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linatosha kwa Malindi, tofauti ni dakika chache. Ndani ya hori ya Mida maji huchelewa zaidi, kwa kuwa yanaingia kupitia mlango mwembamba.

Wenzetu wamekubali, ingawa kwao mwezi hauna kazi hiyo. Bahari yao karibu haina kujaa na kupwa, na isitoshe wakati huu inaganda. Walichokipata wao ni usiku: mwezi mpevu wa majira ya baridi kwao hupanda juu sana angani, na theluji inaurudisha mwanga wake hadi unaona kivuli chako. Basi mwezi umekuwa saa ya pande zote mbili. Tarehe mpya: 18 Desemba, 17 Januari, 1 Februari, 15 Februari, 3 Machi, 17 Machi. Picha za usiku zitaongezwa mwezi ukiwa mpevu.

18 Desemba, Jumatano. Jozi ya kwanza, imefaulu

Tulifika saa kumi na moja kasorobo, giza bado, na kulala kwenye sehemu ya juu ya fungu wakati maji yangali yanapanda. Kanuni ni hii: usiwafuate ndege, tangulia uwangoje. Maji yakipanda yanawasukuma kuja kwako, na wakikukuta umeshalala wanakuhesabu kuwa gogo. Ukiwaendea wima, sululu (Numenius phaeopus) anaruka ungali mita 60, na akiruka yeye wanaruka wote, maana ndiye mpiga kelele wa kundi. Calidris alba, yule mweupe anayekimbizana na mawimbi, amekaribia hadi mita 8 kutoka kwenye sinia.

Mpangilio uliofanya kazi: shata 1/1600, tundu la lenzi f/6.3, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ya kujiendesha yenye kikomo cha 3200 kwa dakika ishirini za mwanzo, kisha 800. Fokasi endelevu, eneo dogo. Eneo pana halifai hapa, kwa sababu fokasi inarukia povu la wimbi nyuma ya ndege, na povu lina mistari mikali kuliko manyoya.

Kutembea hapa kuna adabu yake. Mchanga wenye mikunjo kama bati ni mgumu, unapitika. Tope laini linalong'aa kama kioo litakula mguu hadi gotini. Mkondo wa mto huhama baada ya kila mafuriko ya bara, kwa hiyo njia ya mwaka jana si njia ya mwaka huu. Mchukue kijana wa pale kijijini akuongoze na umlipe. Na kabla giza halijaingia ondokeni karibu na matete: Sabaki ina viboko na mamba.

Jozi: chakula. Kwao Parus major na alizeti, kwetu Calidris alba na kiduduchangani mdomoni.

Kuna sahihisho la maelezo ya picha hapa. Rasimu yetu iliwaita ndege wa Sabaki "waliokimbia baridi". Mwenzetu mmoja wa Oulu aliipinga, na ana haki. Baridi yenyewe si adui mkubwa. Parus major ana gramu kama 18 tu na anakesha nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti ni chakula. Kitwitwi anachomoa mdudu topeni kwa mdomo, na tope likiganda kama saruji mdomo hauna kazi. Mbegu na buu aliyejificha kwenye gome bado vinapatikana. Kisha Dromas ardeola, yule mweusi kwa mweupe mla kaa anayeonekana Mida, hatoki hata kwenye baridi: anazaliana pembezoni mwa Bahari Nyekundu na Ghuba ya Uajemi, kwenye mashimo ya mchangani, penye joto kuliko kwetu. Maelezo yamebadilishwa kuwa "waliofuata tope laini".

26 Desemba. Ukungu kwenye lenzi

Kamera ililala kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20, ikatolewa nje alfajiri, na lenzi ikageuka kioo cha maziwa kwa dakika arobaini. Hakuna hitilafu, ni hesabu. Hewa ya hapa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 78, mvuke wake unageuka maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo ama weka kiyoyozi nyuzi 26, ama uache begi limefungwa zipu, nje, dakika 45 kabla ya kulifungua. Kosa kubwa ni kubadilisha lenzi katikati ya ukungu: maji yanaingia hadi kwenye sensa. La pili ni kupangusa. Unapangusa, ukungu unarudi, na chumvi iliyokuwa juu ya kioo umeshaisugua.

Oulu wana tatizo hilo hilo limegeuzwa shati. Wao huumia wakiingia ndani. Kamera ya nyuzi 18 chini ya sifuri ikikutana na hewa ya jikoni inalowa chapachapa. Wanaifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa wakiwa bado nje, wanaiingiza na mfuko wake, na hawaufungui kwa saa mbili au tatu. Memori kadi huchomolewa kabla, la sivyo hamu ya kuona picha inamshinda mtu. Nao mtetemo wa hewa wanao vilevile: lenzi iliyotoka ndani ya gari lenye joto inatoa hewa ya moto ndani ya kofia yake, na picha inakuwa laini kama zetu za saa tatu. Wanavua kofia ya lenzi na kusubiri nusu saa.

Kuhifadhi: ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, gramu 200 za silika jeli ya rangi ya chungwa, na kipima unyevu kidogo ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 60 kwa wiki kadhaa gizani, kuvu inaota kwenye kioo, na ikishakula ile rangi ya juu ya lenzi hakuna fundi wa kuirudisha. Silika ikigeuka kijani, iweke kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Mchele hausaidii, unatoa vumbi tu.

14 Januari 2025. Usiku wa mwezi mpevu

Kwao: msitu wa misonobari, ISO 800, f/2.8, sekunde 8, theluji inaonekana kama mchana ulioshushwa sauti. Betri ndiyo iliyowasumbua. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri betri ya lithiamu hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, lakini haijafa. Ikiwekwa mfuko wa ndani karibu na mwili kwa dakika kumi na tano inafufuka. Wanazungusha tatu. Wala hawaichaji ikiwa baridi: chini ya sifuri lithiamu inajipaka kama chuma kwenye elektrodi badala ya kuingia ndani, na betri inaharibika moja kwa moja. Kwetu hatari ni kinyume, betri iliyoachwa kwenye gari lililoanikwa juani. Yenye chaji kamili ndiyo inayozeeka haraka zaidi.

Kwetu: mawingu. Jozi iko wazi.

17 Januari, Ijumaa. Theluji ya kijivu, tumbo jeupe

Picha mbili za leo zimekosewa kwa sababu moja. Theluji yao ilitoka kijivu kama majivu. Dromas wetu, aliyepigwa juu ya tope jeusi la Mida, kifua chake kilitoka cheupe kisicho na unyoya hata mmoja. Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia yote ina rangi ya kijivu cha wastani. Kikiona theluji tupu kinaona imezidi, kinaipunguza. Kikiona tope jeusi kinaona pamefifia, kinaongeza, na yule ndege mdogo mweupe katikati anaungua. Theluji inataka fidia ya mwanga ya +1 hadi +1.7. Ndege mweupe juu ya tope anataka −0.7, na jua likiwa kali −1. Usiamini kioo cha nyuma ya kamera, juani kinadanganya. Tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wenye umbo la mlima, hakikisha mlima haujagonga ukuta wa kulia.

Kutoka kwenye kibanda cha kutazamia ndege ukingoni mwa mikoko ya Mida, ndege hubaki mbali. Saa moja na nusu kabla ya maji kujaa ndiyo wakati wao: wanarudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya maji huku wakila, na wanakuja wenyewe.

19 Januari. Majina ya mafaili

Mkanganyiko wa wiki nzima umepata chanzo. Maelezo yetu yalisema "saa 1 asubuhi". Programu ya kutafsiri ya wenzetu ikawaambia usiku wa manane umepita kwa saa moja, wakashangaa jua limetoka wapi. Juu ya hilo, saa ya Ufini wakati wa baridi iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na kamera yetu moja ilikuwa bado na saa ya kiwandani.

Kuanzia leo jina la faili ni mwaka-mwezi-siku, kisha muda wa UTC, saa moja ya dunia nzima, wa tarakimu nne na herufi Z, kisha M (Malindi) au O (Oulu). Mfano: 2025-01-17_0342Z_M ni saa kumi na mbili na dakika 42 asubuhi Malindi, wakati Oulu ni giza totoro. Kwenye maelezo ya Kiswahili saa inabaki ya Kiswahili. Hatutageuza mapambazuko kwa ajili ya programu.

Utumaji: pikseli 2048 upande mrefu, JPEG ya ubora 85, rangi za sRGB, faili inatoka chini ya MB moja mara nyingi. Kwenye WhatsApp itumwe kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha inakamuliwa na manyoya yanageuka ugali. Faili ghafi za MB 25 na zaidi zinangoja intaneti isiyo ya bando. Data ya mahali ifutwe kabla ya kutuma picha yoyote ya bundi au ya kiota, iwe ya msitu wa Arabuko-Sokoke au ya kwao. Ndani ya kundi tunaaminiana, lakini picha haina mguu uliofungwa kamba.

1 Februari, Jumamosi. Nyayo

Hii ndiyo jozi bora hadi sasa. Maji yalijaa karibu saa kumi na mbili na robo, na yalipoanza kupwa yaliacha tope jipya lisilo na alama. Ndege wa kwanza kulikanyaga wakaliandika. Calidris alba ana vidole vitatu tu vya mbele. Kidole cha nyuma hana, na ndiyo alama ya kumtofautisha na jamaa zake wote. Kwenye tope hilo inaonekana wazi: mishale midogo mitatu-mitatu, na kando yake vishimo vya mdomo vilivyopangana kama mshono wa cherehani.

Nyayo ni vivuli, si rangi. Bila mwanga wa kuviringika pembeni hakuna picha. Oulu mwanzoni mwa Februari jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 8 juu ya upeo, kwa hiyo wanao mwanga wa ubavu siku nzima, ingawa siku yenyewe ni fupi. Kwetu jua linapanda karibu wima; nyuzi 8 linazipita kama dakika 35 baada ya kuchomoza. Mwanga wanaotembea nao wao kutwa, sisi unatudumu nusu saa. Tulipiga fremu 40 ndani ya nusu saa hiyo, na za baadaye zote ni tope tu.

Kwao ni sungura wa milimani, Lepus timidus: nyayo mbili ndefu za miguu ya nyuma zimetua mbele ya zile ndogo za miguu ya mbele, kwa sababu anaporuka nyuma inaipita mbele. Asiyejua humfuata sungura kinyumenyume.

Katika kuandika maelezo tumepungukiwa na maneno. Kiswahili kina theluji na barafu, basi. Wao wana hanki, ile theluji iliyofanya ganda juu hadi ikabeba mtu, na nuoska, theluji ya unyevu inayoshikana mkononi. Tumeyaacha kama yalivyo. Wao nao sasa wanaandika bamvua na maji mafu, kwani bahari yao haijawadai neno la kitu hicho.

15 Februari, Jumamosi. Upepo

Kila kitu kilikuwa sawa ila ndege walitupa visogo. Ndege wa pwani hulala akiutazama upepo, la sivyo manyoya yanafunuka. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo kundi zima linaelekea huko. Jioni jua likiwa magharibi kidogo kusini, ukisimama na jua mgongoni unapiga mikia. Asubuhi ndiyo yenye suluhisho: jua linatoka mashariki kidogo kusini, ukilala upande wa kusini-mashariki, yaani baharini, unapata ubavu mzima wa ndege na jua liko nyuma yako. Sharti uwahi kufika upande wa bahari kabla kundi halijatua, kisha usihame. Maji yatakulowesha magoti. Vaa ya kulowa.

Upepo wa kaskazi unabeba mchanga sentimita 20 za chini, pale pale kamera ilipo. Ukipita nguvu ya kupeperusha mchanga, funga begi urudi. Baada ya kila zoezi, pulizia kwanza kwa puto la mpira, ndipo upanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa. Kwa tripodi, kama lazima isimame majini: vuta nje vipande vya chini vyembamba kwanza, hata kama vya juu vimebaki ndani, ili vifungo viwe juu ya maji. Ya kwetu moja ilivutwa kwa desturi ya nchi kavu, vifungo vikazama, na chumvi ikavigandisha usiku mmoja. Ilichukua ndoo mbili za maji ya vuguvugu kuifungua.

3 Machi, Jumatatu. Umbali unaongezwa

Mwezi wa Ramadhani umeanza, tunakwenda baada ya daku na kurudi mapema. Vitwitwi sasa wanakula bila kupumzika. Wanajaza mafuta ya safari, na kila wakirushwa wanayachoma bure. Umbali wa chini kabisa umepandishwa mara mbili, na fungu la kulalia haliingiwi tena maji yakiwa yamejaa. Dalili za kukomea hapo ulipo: wameacha kula, shingo zimenyooka, wanatikisa vichwa juu chini. Ukizisubiri zipite, dakika tano zinatosha. Ukiziona mara ya pili, rudi nyuma kwa tumbo.

17 Machi, Jumatatu

Calidris ferruginea, kitwitwi mwingine, wachache wameanza kupata madoa mekundu kama matofali kifuani. Wengi wataondoka Aprili. Wachanga wa mwaka wa kwanza baadhi yao watabaki hapa kusi yote. Bahari ya Oulu bado barafu. Jozi sita zimekamilika, ya mwezi mpevu iko wazi, na ya nane imepangwa.

Ya nane ni 20 Machi, siku ya mlingano wa usiku na mchana, na haina ndege: mwezi unaelekea robo, maji ni mafu. Mada ni macheo. Saa ya ukutani Malindi na saa ya ukutani Oulu zote mbili zitasoma karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini jua likichomoza, ila kwa UTC sisi tutakuwa tumetangulia kwa takriban saa nzima. Mafaili yatasomeka 03 na dakika kadhaa Z_M, na 04 na dakika kadhaa Z_O. Wao watasimama juu ya bahari, sisi kando yake. Lenzi milimita 300 pande zote mbili, ili jua litoke saizi moja. F/11, ISO 100, fidia −1. Usiliangalie jua kupitia kitundu cha macho, tumia kioo cha nyuma. Fika nusu saa kabla, na kamera ilale nje ya chumba cha kiyoyozi.